Sura ya Sita: Msomaji wa Habari na Amana ya Sauti

Msomaji wa Kasongo au wa Kabambare, akiifungua sura hii na kukuta jina la mtangazaji aliyezaliwa Mombasa na kutumikia umri wake wa kazi mjini Nairobi, ana haki ya kuuliza kwa nini maisha ya mtu huyo yanaanza kusimuliwa kutoka ukingo wa Lualaba, katika soko la Nyangwe, mahali palipo mbali na nyumba aliyozaliwa kwa mwendo wa miezi mingi ya miguu. Jibu langu ni kwamba lau habari moja iliyotukia Nyangwe isingetoka Nyangwe, mtaa wa Mombasa aliozaliwa Leonard Mambo Mbotela huenda usingekuwapo, au usingelichukua jina ulilolichukua, na jamaa zake pengine wasingelipata mahali pa kutua. Kwa hiyo sauti iliyokuja kuwasomea watu wa Afrika ya Mashariki khabari zao kwa zaidi ya nusu karne ilitokana, kwa njia ndefu ambayo sura hii itajaribu kuifuata, na msiba wa huku kwetu.

Ulipoingia mwaka 1871, Nyangwe, iliyo kwenye ukingo wa kulia wa mto, ilikuwa kituo cha mbali cha wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wakitafuta pembe za ndovu na, pamoja na pembe, watu. Walikuwapo akina Dugumbe, walikuwapo watu wa Mwinyi Mtagamoyo, na walikuwapo wenyeji, hasa wanawake, ambao siku za soko walivuka kwa mitumbwi wakileta samaki, chumvi, mihogo, kuku, vyungu na mafuta ya mawese. Soko hilo lilikuwa pia baraza la habari: nani amefariki ng'ambo, kijiji gani kimechomwa, msafara upi umeonekana, yote yalipita kinywa kwa kinywa baina ya watu waliojuana kwa nyuso, na aliyesema uongo siku moja alionana na aliowaongopea siku ya soko iliyofuata. Mgeni mmoja, David Livingstone, aliwasili 29 Machi akitaka mtumbwi wa kumwezesha kuendelea na safari yake, akakaa miezi bila ya kuupata. Na kwa kuwa karatasi zake zilikuwa zimekwisha na wino wake pia, akawa anaandika kwa rangi ya mmea wa huku juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, mistari yake ikikatana na mistari iliyokwisha pigwa chapa.

Asubuhi ya 15 Julai, soko likiwa limekusanya watu wapatao 1,500, watu wa Mtagamoyo waliingia na bunduki, pakazuka ugomvi juu ya kuku, na mara risasi zikaanza kulia, kwanza sokoni kwenyewe, kisha mtoni, juu ya wale waliokimbilia mitumbwi na wale waliojitupa majini. Makadirio aliyopewa Livingstone na Waarabu wenyewe yalikuwa baina ya watu 330 na 400, wengi wao wanawake. Idadi imehifadhiwa, na majina yao hayamo. Sisi tuliozaliwa katika dini na lugha waliyokuja nayo watu wa pwani hatuna ruhusa ya kuipita khabari hiyo tukiwa tumeangalia kando, maana waliouawa ni bibi zetu, na miongoni mwa waliowaua wamo pia babu zetu, na damu hizo mbili zimo katika nyumba zile zile za Maniema hadi leo.

Kuna jambo moja katika kurasa zile za gazeti ambalo kila mtu wa kazi ya habari yampasa kulifikiri. Maandishi hayo yalikuwa yamefifia hata hayasomeki kwa macho, mpaka wataalamu walipoyapiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali na kuyatoa hadharani mwaka 2011, na walipoyalinganisha na nakala ambayo Livingstone mwenyewe aliinakili baadaye katika shajara yake kubwa, waliona kwamba maandishi mawili hayo hayafanani kila mahali. Shahidi yule yule, akiandika mara ya pili, alikuwa amekwisha kuchagua. Na baada yake akaja mhariri, Horace Waller, aliyetoa kitabu mwaka 1874, naye akachagua vilevile. Baina ya tukio na kinywa kinacholisoma mbele ya watu hupita mikono mingi, na kila mkono huacha alama yake, minghairi ya dhamira mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu msomaji wa habari, ambaye ndiye mkono wa mwisho wa silsila hiyo, ndiye pekee anayeonekana na umma, na kwa ajili hiyo ndiye anayebebeshwa sifa na lawama za mikono yote iliyomtangulia.

Habari ya Nyangwe ilichukuliwa na Henry Morton Stanley, aliyemkuta Livingstone Ujiji mwezi wa Novemba 1871 na kuachana naye Unyanyembe mwezi wa Machi uliofuata, akiwa na barua zake. Ilipochapishwa Ulaya katika mwaka 1872, watu ambao kwa miaka walikuwa wakizisikia hoja za kupinga biashara ya watumwa kama hoja tu, sasa walisikia soko lenye mahali, lenye siku, na lenye samaki na chumvi. Sir Bartle Frere alipelekwa Zanzibar na serikali ya Uingereza mwanzoni mwa 1873 kudai biashara hiyo ikomeshwe; Sultani Sayyid Barghash alikataa, akasongwa na vitisho vya manowari, na tarehe 5 Juni mwaka ule akatia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja na kukataza usafirishaji wao baharini. Sidai kwamba Nyangwe peke yake ilileta mkataba huo. Siasa za bahari ya Hindi zilikuwa na sababu zake na maslaha yake. Lakini nadai kwamba bila ya shahidi aliyeandika juu ya gazeti kuukuu, wenye kutaka mkataba wangekosa hoja yao yenye nguvu kupita zote.

Watu waliokamatwa katika majahazi na kufunguliwa walihitaji mahali pa kukaa, na mwaka 1875 wamisionari wa Kanisa la Kiingereza walianzisha makao yao kwenye bara iliyokabili kisiwa cha Mombasa, wakayaita Frere Town kwa jina la yule aliyekwenda kufanya mapatano. Kengele yake, ambayo kwayo mtaa mzima mpaka leo huitwa Kengeleni, iliwekwa ili iwaite watu ibadani na pia iwatahadharishe pindi waonekanapo wenye kuja kuwateka tena. Miongoni mwa jamaa zilizoishi hapo ilikuwamo jamaa ya Mbotela, ambaye chimbuko lake ni pande za Nyasa, aliyetekwa, akapakiwa chomboni, na kuokolewa na meli ya Kiingereza. Mwanawe, James Juma Mbotela, akawa mwalimu na mwandishi, na mwaka 1934 akatoa kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, ambacho vizazi vya wanafunzi vilikisoma darasani. Wanazuoni wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwapaka Waarabu weusi wote na Waingereza weupe wote, na lawama hiyo ina insafu. Walakini mtu ambaye baba yake alitolewa katika tumbo la jahazi hakuwa na wajibu wa kuandika kama kadhi, na yeye alikuwa wa kwanza katika jamaa hiyo kuipa kalamu ya Kiswahili habari ambayo hadi hapo ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza na wengine.

Leonard Mambo, mwana wa James, alizaliwa Frere Town tarehe 29 Mei 1940. Alisoma kwao, kisha Kitui, akajifunza uandishi, akafanya kazi ya gazeti Nakuru, na mwaka 1964, jamhuri ya Kenya ikiwa inapambazuka na shirika la utangazaji likiwa ndiyo kwanza linageuzwa kuwa Sauti ya Kenya chini ya serikali, akaingia humo, na humo akakaa. Miaka miwili baadaye akaanzisha kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, ambacho kilizitazama tabia za watu wa kawaida, majirani, abiria, wageni waliokuja bila ya taarifa saa ya chakula, na kuwauliza wasikilizaji kama mwenendo huo unafaa. Kipindi hicho kilidumu zaidi ya nusu karne, redioni na kwenye televisheni pia, na kwa wengi ndicho kilicholifanya jina lake kuwa jina la mtu wa nyumbani. Alitangaza mpira, na wapo wazee ambao hawakumbuki mabao isipokuwa kwa sauti yake. Aliwahi kutumika katika idara ya habari ya Rais zama za Daniel arap Moi. Na katika yote hayo alikuwa msomaji wa taarifa ya habari, kazi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyozipa kazi zake nyingine uzito, kwa kuwa aliyesadikiwa katika mambo makubwa husikilizwa kwa furaha katika madogo.

Ni kazi inayodharauliwa na wasioijua, wanaodhani kwamba mwenye macho na koo anaweza kuifanya. Yafaa nieleze kwa urefu kidogo. Habari za dunia zilifika Nairobi, kama zinavyofika Kinshasa na Dar es Salaam, kwa lugha za Ulaya, na mfasiri aliyekaa mbele ya taipureta alikuwa na dakika chache tu za kuzigeuza kuwa Kiswahili kabla ya saa kugonga. Lugha yetu ina mpango wake: mtenda akitajwa mwanzo wa sentensi, kitenzi kikija mbali baada ya maneno kumi na tano ya maelezo, kiambishi cha kitenzi hicho lazima kimkumbuke mtenda wake, na ikiwa mfasiri kwa haraka ameandika mkutano mwanzoni na kitenzi cha mikutano mwishoni, msomaji ndiye anayepaswa kuliona kosa hilo jicho likiwa mstari mmoja mbele ya ulimi, alisahihishe asisite, na mwenye kusikiliza asijue kwamba kulikuwa na kosa. Tarakimu zilizoandikwa kwa alama nne katika karatasi hutaka maneno mengi kinywani, na mwaka mmoja tu ukisomwa kikamilifu humaliza pumzi ambayo msomaji alikuwa ameiwekea akiba sentensi nzima. Majina ya wageni, ya Kirusi, ya Kichina, ya Kihausa, yanamngoja njiani, na hana nafasi ya kumuuliza mtu. Taarifa ina dakika zake zilizopimwa, na kwa kuwa aghalabu Kiswahili huhitaji muda mrefu kuliko lugha iliyofasiriwa, anayesoma hujua saa zote ni lini atakaza mwendo kidogo na ni habari gani haipaswi kukazwa kamwe, kama ya ajali au ya kifo, ambayo jamaa wa marehemu wanaweza kuwa wanaisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwake.

Fauka ya hayo yote kuna adabu ya kutojitia katika habari. Msomaji ameshika maneno ambayo si yake. Hakuyaona aliyoyasoma, hakuyaandika, wala hana idhini ya kuyaongeza. Akiyasoma kwa kicheko amewaonea wanaoumia, na akiyasoma kwa kilio amewachukulia wenye msiba nafasi yao. Sauti ya Mbotela ilikuwa nene, yenye matamshi ya pwani yaliyo wazi, na haikuwa na haraka. Lakini thamani yake haikuwa katika unene huo. Ilikuwa katika miaka. Watu walikuwa wameisikia ikiwatangazia mvua na mauti, mabao na sheria mpya, na kila mara walipotoka nje kuhakikisha wakakuta kwamba lililosemwa ndilo lililokuwa, waliongeza kitu kidogo katika amana waliyomwekea, hata amana hiyo ikawa kubwa kupita shirika lililomwajiri.

Amana ya namna hiyo huonwa pia na wenye tamaa. Alfajiri ya Jumapili, 1 Agosti 1982, askari wa Jeshi la Anga la Kenya, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini, waliasi na kukamata kituo cha Sauti ya Kenya. Na baada ya kukikamata waligundua kwamba wanacho chombo lakini hawana sauti. Walikuwa na mitambo, walikuwa na bunduki, wangeweza kusoma tangazo lao wenyewe, na sauti zao zilisikika hewani pia. Illa walijua kwamba taifa likiamka na kusikia mtu lisiyemjua akisema serikali imepinduliwa, nusu ya watu watasema ni wendawazimu wa walevi. Wakaenda nyumbani kwa Mbotela, wakamtoa, wakampeleka studio, wakampa maneno, na akayasoma: kwamba serikali ya Moi imeangushwa na wanajeshi wameshika madaraka.

Nimefikiri sana juu ya saa hiyo. Watu waliokuwa wakisikiliza hawakuona mitutu. Redio haina macho. Walisikia sauti ile ile iliyowaambia ukweli kwa miaka kumi na minane, na wengi wakaamini, baadhi wakaingia mitaani kushangilia, baadhi wakavunja maduka, baadhi wakafa. Je, msomaji ana dhambi? Wapo wasemao kwamba angekataa. Wasemao hivyo hawajawahi kuelekezewa bunduki na kijana mwenye hofu, na kijana mwenye hofu ni wa hatari kuliko jemadari. Siku hiyo hiyo vikosi vilivyobaki na utii, chini ya Jenerali Mahamoud Mohamed, vilikirudisha kituo mikononi mwa serikali, na Mbotela yule yule, katika chumba kile kile, akatangaza kwamba uasi umezimwa na Rais Moi yungali madarakani. Walioasi walimtaka yeye, na waliowashinda nao walimtaka yeye, kwa sababu moja. Ochuka alikimbilia Tanzania, akarudishwa Kenya, akahukumiwa, na mwaka 1987 akanyongwa. Jeshi la Anga lilivunjwa na kuundwa upya. Mbotela akarudi kusoma habari, na watu wakaendelea kumsikiliza. Kwangu hilo la mwisho ndilo kubwa. Umma ulipambanua wenyewe, pasipo kufundishwa na mtu, baina ya maneno yaliyotiwa kinywani kwa nguvu na mtu mwenye kinywa, na haukumnyang'anya amana yake.

Katika nchi yetu nguvu hiyo ilikuja kwa sura nyingine. Televisheni ya Kongo ilianza Kinshasa mwezi wa Novemba 1966, kwa kuadhimisha mwaka mmoja tangu Mobutu kuchukua serikali, na katika zama za Zaire taarifa ya habari ya usiku ilifunguliwa kwa sura yake ikishuka kutoka mawinguni. Msomaji wa Kinshasa hakutolewa kitandani alfajiri. Alikwenda kazini kwa miguu yake, amevaa abakosti iliyopigwa pasi, akaketi chini ya picha hiyo, akasoma ziara za kiongozi, hotuba za kiongozi na pongezi alizopewa kiongozi, usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka, mpaka Mei 1997. Mtu akisomeshwa kwa bunduki asubuhi moja, wasikilizaji humwonea huruma na mambo yakapita. Akisomeshwa kwa mshahara, kwa cheo na kwa woga usiotajwa kwa miaka thelathini, wasikilizaji hujifunza kusikia kinyume cha kila asemalo, na madhara yake hukaa katika masikio ya taifa muda mrefu baada ya kiongozi kuondoka. Mpaka leo kuna wazee wa Maniema ambao, wakisikia kwamba serikali imekanusha jambo, huhesabu kwamba limethibitika. Wasomaji wenyewe siwalaumu kwa pamoja. Wengi walikuwa mafundi wa lugha wa daraja la juu, na wengi, nadhani, waliumia. Lakini amana hutumika ikaisha.

Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, na Zanzibar ikaanzisha yake mwaka 1973, ikiwa ya rangi tangu mwanzo, kabla ya nchi kubwa na tajiri kuliko yenyewe. Mazoea ya Kenya yakawa kusoma habari za Kiswahili saa moja ya usiku na za Kiingereza saa tatu, na kwa hivyo jamaa nyingi zilipata taarifa kwa lugha ya taifa kwanza, watoto wangali macho, chakula kikiwa jikoni. Televisheni ilimwongezea msomaji mzigo ambao redio haikuwa nao: uso. Karatasi iko mkononi na kamera iko mbele. Akiinamia karatasi amewapa watu utosi, akiikodolea kamera amepoteza mstari. Baadaye kikaja kioo kilichowekwa mbele ya kamera, maneno yakipanda taratibu juu yake, na pamoja nacho kisikilizio kidogo cha sikioni, ambamo mwongozaji humwambia kwamba picha haijafika, aendelee, arefushe, akatize, naye wakati huohuo anautazama umma kana kwamba hasikii kitu. Vazi lake hujadiliwa, nywele zake hujadiliwa, na akiwa mwanamke hujadiliwa mara mbili.

Hapo ndipo ninapomtaja Catherine Kasavuli kwa taadhima. Aliingia Sauti ya Kenya mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka kumi na minane, akaanza katika redio, na mwaka 1985 akaanza kusoma habari za televisheni. Kituo cha KTN kilipofunguliwa mwaka 1990, kikiwa cha kwanza cha watu binafsi nchini humo, alihamia huko, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kusoma habari mubashara katika televisheni ya binafsi. Kusoma mubashara maana yake ni kwamba kosa halina wa kulifuta, na wakati ule, serikali ikiwa bado ya chama kimoja, kosa la neno moja lilikuwa na gharama kubwa. Alisoma kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili, na wengine wataona hana nafasi katika kitabu hiki. Mimi naona kwamba wasichana wa lugha zote waliomtazama walijifunza kwake kwamba sauti ya mwanamke inaweza kutangaza vita na bajeti bila ya kuomba radhi. Mwaka 2007 alikwenda kufanya kazi ya uongozi katika shirika jingine, akastaafu 2015, na mwaka 2021 shirika la KBC, ambalo ndilo Sauti ya Kenya kwa jina jipya, likamrudisha kwenye kiti, pamoja na wakongwe wenzake, kwa ajili ya watazamaji waliokuwa wamechoka kukemewa na wasomaji wenye haraka. Aliporudi alikutana na enzi ambayo habari husomwa kwa simu kabla saa moja haijafika, na bado walikuwapo waliongoja kumwona. Alipougua saratani ya mlango wa kizazi, wenzake waliomba hadharani watu wajitolee damu katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Alifariki tarehe 29 Desemba 2022, na kwa kutokufichwa kwa jina la ugonjwa huo, ambao wanawake wa mashariki yote ya Afrika hufa nao kimya, habari yake ya mwisho ilikuwa na faida kama alizozisoma.

Miongoni mwa waliorudishwa na KBC mwaka 2021 alikuwamo Badi Muhsin, msomaji wa Kiswahili, mtu wa lafudhi ya pwani na utulivu mkubwa. Hakupewa muda, alifariki mwezi wa Mei mwaka huohuo, kitambo kidogo baada ya watazamaji kumwona tena. Walioisikia taarifa yake katika miaka ya nyuma wanajua kwamba Kiswahili fasaha chaweza kuwa cha kila siku pasipo kushuka, na hilo ni jambo linalohitaji watu wa kulishuhudia, kwa kuwa watangazaji vijana wengi huamini kwamba ufasaha unafukuza wasikilizaji.

Leonard Mambo Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84. Ameacha vijana ambao walijifunza kutamka kwa kumwiga, na ameacha swali la ungwana likiwa linaulizwa katika nyumba ambazo wenyewe hawajui tena lilitoka kipindi gani. Baba yake aliandika habari ya kufunguliwa; mwana akazisoma habari za taifa lililofunguliwa; na mnyororo wa mambo unaounganisha watu hao wawili na siku moja ya soko hapa petu sikuuona ukitajwa popote katika sifa nyingi alizosomewa, ndiyo sababu nimeona ni wajibu wa mtu wa Nyangwe kuutaja.

Kwetu Maniema hali imebadilika katika robo karne hii. Redio Okapi ilianza kurusha matangazo Februari 2002, vita vikiwa havijaisha, kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Televisheni ya taifa nayo husoma habari kwa lugha hizo nne. Na idhaa za Kiswahili za ng'ambo, kuanzia ya BBC iliyoanza 1957, zimekuwa zikisikika katika vijiji ambavyo gazeti halifiki. Hata hivyo Kasongo na Kabambare hutajwa mara chache, na zinapotajwa ni kwa mapigano, ugonjwa au daraja lililovunjika, nayo majina ya vijiji husomwa vibaya na watu wasiopata kuyasikia kwa wenyewe. Msomaji wa mikoa yetu hupokea ripoti ya Kifaransa, huifasiri mwenyewe kwa kuwa mfasiri hayupo, huisoma katika Kiswahili ambacho mama wa sokoni lazima akielewe na mwalimu wa madrasa asikione kibaya, na hufanya hivyo mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha. Kazi yake ni ngumu kuliko ya Nairobi na malipo yake ni haba.

Kwa hiyo ninalotaka si sanamu ya mtu yeyote. Nataka kijana wa kiume au wa kike wa huku, anayezitaja bila ya kukwama wilaya zote saba za Maniema, Kailo, Pangi, Punia, Lubutu, Kibombo, Kasongo na Kabambare, na vijiji vilivyomo ndani yake. Anayejua kwamba anayesomewa habari ya mitumbwi iliyozama ana dada yake aliyesafiri kwa mtumbwi. Anayeambiwa na mkubwa fulani aondoe mstari na akajibu kwamba mstari si wake. Akipatikana, apewe kamusi, apewe mafuta ya jenereta, alipwe mshahara wake mwezi unapokwisha, na aachwe asome.